Dadu Tatu na Pesa za Unga

Huenda ukashangaa kuona hesabu katika gazeti la Chama cha Kiswahili. Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu, nayo hisabati ina lugha yake. Mimi nasema la. Hesabu nitakayoeleza hapa ilinifikia kwa maumivu, na mtu huyalilia maumivu yake kwa lugha aliyoizoea. Hebu nisikilize.

Likizo moja mama alinipa shilingi 150 nikamnunulie unga. Nilipofika sokoni nikakuta watu wamezunguka meza ndogo. Nyuma yake alisimama jamaa mmoja mchangamfu mwenye mkebe na dadu tatu. Juu ya meza zilichorwa namba, moja hadi sita. Unaweka pesa zako kwenye namba unayoipenda, jamaa anatikisa mkebe, kisha anafunua. Namba yako ikitokea kwenye dadu moja, unarudishiwa dau lako na kuongezwa kiasi kicho hicho. Ikitokea kwenye dadu mbili, unaongezwa dau mara mbili. Kwenye dadu zote tatu, mara tatu. Isipotokea kabisa, umeliwa.

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani. Dadu ni tatu, nyuso ni sita. Tatu kwa sita ni nusu. Nikajiambia, "Kumbe ni sawa kwa sawa! Tena nikipata mbili au tatu nazidishiwa. Huyu jamaa anagawa pesa za bure." Nikaweka shilingi 10 kwenye tano. Lakini wapi! Nikaweka 20 ili nirudishe zile 10. Zikaenda. Nikaweka 40, nazo zikaenda. Nikasema tano imekaa sana bila kutokea, sasa lazima itoke. Nikaweka 80 zote zilizobaki. Dadu zikafunuliwa: mbili, sita, mbili.

Usiku ule tulikula viazi vya kuchemsha. Mama hakusema neno. Heri angesema.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa hisabati, nikiamini kwamba nimepunjwa kama watu wanavyopunjwa katika karata za pata potea. Mwalimu akatabasamu. "Yawezekana dadu zake zilikuwa safi kabisa," akasema. "Kosa lilikuwa katika hesabu yako." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niketi nijifunze haya.

KIGEU NASIBU NI NINI?

Chukua sarafu mbili za shilingi 10, zile zilizoanza kutolewa mwaka wa 2018, zenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Zirushe. Matokeo ni manne: simba na simba, simba na nembo, nembo na simba, nembo na nembo. Sasa hesabu simba waliotokea. Watakuwa 0, 1 au 2. Kabla ya kurusha hatujui ni wangapi, kwa maana idadi hiyo inategemea nasibu. Namba ya aina hii, ambayo kila tokeo la bahati huipa thamani yake, ndiyo tunayoiita kigeu nasibu. Desturi ni kuiandika kwa herufi kubwa, mathalani X.

Lakini kutojua X itakuwa ngapi si sawa na kutojua chochote. Kati ya njia nne zilizo sawa, moja inaleta 0, mbili zinaleta 1, na moja inaleta 2. Kwa hivyo uwezekano ni 1/4, 2/4 na 1/4. Orodha inayoonyesha kila thamani ya kigeu pamoja na uwezekano wake huitwa mgawanyo wa uwezekano. Ni kama mkate mmoja uliokatwa na kila thamani ikapewa kipande chake. Ukivijumlisha vipande hivyo lazima upate 1 kamili. Usipopata 1, rudi ukasahihishe.

TURUDI MEZANI

Kwanza tulitazame kosa langu. Kama dadu tatu zinanipa tatu kwa sita, basi mwenye dadu sita ana sita kwa sita, yaani lazima apate tano kila arushapo. Nani asiyejua kwamba dadu sita zaweza kurushwa na tano isionekane? Nilijumlisha bila kukumbuka kwamba tano zaweza kutokea pamoja kwenye dadu mbili au tatu, na mara hizo nikazihesabu zaidi ya mara moja.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila dadu ina nyuso 6, kwa hivyo dadu tatu zina njia 6 × 6 × 6, yaani 216. Tuseme X ni idadi ya tano zinazotokea. Ili X iwe 0, kila dadu ionyeshe moja kati ya nyuso tano zilizobaki: 5 × 5 × 5 = 125. Ili iwe 1, tano yaweza kuwa kwenye dadu yoyote kati ya tatu, na nyingine mbili zisiwe tano: 3 × 5 × 5 = 75. Ili iwe 2, dadu moja tu ndiyo iliyokosa, nayo yaweza kuwa yoyote: 3 × 5 = 15. Na X kuwa 3 ina njia 1 tu. Jumla yake: 125 + 75 + 15 + 1 = 216. Mkate umetimia.

Sasa tuseme Y ni pesa ninazopata nikiweka shilingi 10. Hiki nacho ni kigeu nasibu, na mgawanyo wake ni huu:

Napoteza 10: njia 125 kati ya 216
Napata 10: njia 75 kati ya 216
Napata 20: njia 15 kati ya 216
Napata 30: njia 1 kati ya 216

Chukua kwamba nimecheza mara 216 na kila njia imetokea mara moja. Nitapoteza 1,250. Nitapata 750 na 300 na 30, jumla 1,080. Nimepungukiwa na shilingi 170. Gawa kwa michezo 216, unapata karibu senti 79 kila mchezo. Huo ndio wastani unaotarajiwa wa Y. Senti 79 ni kitu gani? Hata peremende hununui. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni cha mwenye mkebe.

MBONA WENGINE WALISHINDA?

Swali hili lilinisumbua, kwa sababu niliwaona watu kwa macho yangu wakiondoka wakicheka. Jibu liko katika mgawanyo uo huo. Njia za kushinda ni 75 + 15 + 1, yaani 91 kati ya 216. Hiyo ni karibu 42 kwa 100. Watu wengi watashinda, nao ndio watakaosimulia. Aliyeliwa hurudi nyumbani kimya.

Je, ile mbinu yangu ya kuongeza dau? Kukosa mara moja ni 125 kati ya 216. Kukosa mara nne mfululizo ni namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, nayo inafika karibu 11 kwa 100. Kwa hivyo wachezaji 100 wakifuata mbinu yangu na kuacha mara tu washindapo, karibu 89 wataondoka na faida ya shilingi 10 au zaidi, nao 11 watapoteza 150 zote. Ukijumlisha faida na hasara za wote, jamaa bado amebaki na karibu shilingi 400. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 11. Mbinu haikubadilisha wastani kuwa faida. Ilichofanya ni kuwagawia wengi furaha ndogo na wachache kilio kikubwa.

DADU HAINA KUMBUKUMBU

Kosa langu la pili lilikuwa kusema tano "lazima itoke sasa". Dadu haijui ilichoonyesha mara iliyopita. Uwezekano wa mchezo wa nne ulikuwa ule ule wa mchezo wa kwanza.

Usidhani jambo hili ni la wacheza kamari peke yao. Baba na mama wakiwa wote wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, bila wao wenyewe kuugua, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1/4 wa kuzaliwa na ugonjwa huo. Nimewasikia watu wakisema, "Mmoja amekwisha kuugua, basi watatu wanaofuata wako salama." La hasha! Kila mimba ni mrusho mpya. Kwa watoto watatu, idadi ya wagonjwa ina mgawanyo wake: hakuna, 27/64, mmoja, 27/64, wawili, 9/64, wote watatu, 1/64. Hesabu ni ile ile ya dadu, lakini hapa kinachowekwa mezani si unga. Ndiyo maana wanaotaka kuoana huhimizwa kupimwa damu mapema.

Elimu hii yenyewe ilikua kutokana na michezo. Mwaka wa 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau mchezo ukikatizwa. Mwaka wa 1657 Mholanzi Huygens akachapisha maandishi juu ya thamani ya mchezo wa bahati. Leo makampuni ya bima hupanga ada zao kwa hesabu za ukoo huo.

Wanafunzi wenzangu, siku hizi meza imehamia ndani ya simu, na wanaoichora wanajua hesabu kumshinda yule jamaa wa mkebe. Sikuhubirii. Nakuomba tu, kabla ya kutoa hata shilingi, uulize: mgawanyo wake ukoje, na wastani unamwelekea nani? Mimi nilililipa deni la mama kwa kupalilia shamba la jirani siku mbili, jua likiniwakia utosini.

Nakuachia zoezi. Kama malipo mengine yangebaki vile vile, jamaa angepaswa kulipa mara ngapi ya dau kwa tano tatu ili wastani uwe sifuri, asile wala asiliwe? Mimi nimepata mara 20. Usiniamini. Chukua kalamu.