Mashine ya Vidole: Nani Anaiamuru?



Siku ya kuandikishwa ni siku ya matumaini kwa familia zilizokimbia makwao. Lakini mara nyingi inageuka kuwa siku ya ugomvi. Watu wanapanga mstari tangu alfajiri. Mama anaweka kidole kwenye mashine, taa nyekundu inawaka, naye anaambiwa akae pembeni. Hapo hapo maneno yanaanza: "Jina lake limefutwa." "Mashine inawakataa watu wa kabila letu." "Huyo aliandikishwa mara mbili, ni mwizi." Kufika jioni, majirani waliokimbia vita pamoja hawasalimiani tena.

Tumeona vema kueleza namna mashine hiyo inavyofanya kazi, ili familia zijue haki yao na viongozi wapate maneno ya kutuliza watu.

Mashine haifikiri, inatii

Mashine ndogo ya vidole haina akili yake. Zile zinazotumika sana zina taa, kioo na kamera ndogo ndani. Mashine imeunganishwa kwa waya na kompyuta, ile ambayo wengi wetu tunaiita ordinatere. Kupitia waya huo inapokea amri na kurudisha majibu.

Ndani ya kompyuta mna programu, yaani orodha ndefu ya maagizo yaliyoandikwa na watu. Karani akibonyeza kitufe, programu inatuma amri moja baada ya nyingine: washa taa, ngoja kidole, piga picha, leta picha. Mashine nayo inajibu: taa imewaka, kidole kimewekwa, picha hii hapa. Jibu lisipofika katika muda uliopangwa, programu inaacha kungoja na kuonyesha kwamba kuna kosa. Kamera ya uso na mashine ya kuchapa kadi huamriwa kwa njia hiyo hiyo.

Kati ya programu na mashine kuna mkalimani. Kila kiwanda kinatengeneza mashine yenye lugha yake, na kompyuta haizijui lugha zote. Kwa hiyo inawekewa programu nyingine ndogo, iitwayo draiva, ya kutafsiri amri na majibu. Mkalimani huyo akikosekana, au waya ukilegea, au umeme ukipungua, mashine inanyamaza. Ndiyo maana siku nyingine mnawaona makarani wakichomoa na kuchomeka waya kwa muda mrefu kabla ya kuita jina la kwanza. Hawafuti jina la mtu. Wanatafuta sababu ya mashine na kompyuta kutosikilizana.

Kidole kinasomwaje?

Tazama ncha ya kidole chako: ina mistari midogo iliyoinuka. Unapokiweka juu ya kioo, taa inakimulika kutoka chini. Mistari inayogusa kioo inaonekana nyeusi, na mifereji iliyo kati yake inaonekana nyeupe. Kamera inapiga picha hiyo. Hakuna sindano, na damu haichukuliwi.

Kisha programu inatafuta mahali ambapo mstari unaishia, au unapogawanyika kama njia panda. Inalinganisha mahali hapo na zile zilizohifadhiwa siku ya kwanza, halafu inatoa kipimo cha kufanana. Hata mapacha wanaofanana uso hawana alama za vidole zilizo sawa.

Hapa kuna jambo ambalo kila kiongozi anapaswa kulielewa. Mashine haina hakika kamili juu ya mtu. Inatoa kipimo tu, na watu ndio walioweka kiwango cha kupita. Kiwango kikiwa juu sana, wenye haki wengi wanakataliwa. Kikiwa chini sana, mtu anaweza kupita kwa jina la mwingine. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili.

Kwa nini taa nyekundu inawaka?

Mara nyingi sababu ni ndogo. Mtu anayelima, anayeponda mawe, anayechoma makaa au anayefua nguo za watu kila siku, mistari ya vidole vyake huchakaa. Ya wazee nayo hufifia. Vidole vikiwa na matope, vikiwa vikavu mno au vyenye jasho jingi, picha haitoki vizuri. Jua kali likipiga kioo, kamera inashindwa kuona. Kioo kilichoguswa na watu mia kina uchafu.

Dawa yake ni rahisi: kunawa mikono na kuikausha, kupangusa kioo kwa kitambaa kikavu, kuhamishia meza kivulini, kujaribu kidole kingine. Watoto wadogo vidole vyao ni vigumu kusoma. Kwa kawaida shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, huanza kuchukua alama kwa watoto wa miaka 5 na zaidi. Mtu asiye na vidole, au ambaye vidole vyake havisomeki kabisa, anaweza kutambuliwa kwa macho ikiwa kamera ya macho ipo. Kamera hiyo hutumia mwanga hafifu ambao hatuuoni, na hupiga picha ya duara lenye rangi katika jicho.

Kwa hiyo taa nyekundu si hukumu. Inasema tu: "Sikuweza kusoma," au "Sikuona kufanana." Kumwita mtu mwizi kwa sababu ya taa ni kumwonea. Kuamua ni kazi ya binadamu, na binadamu anaweza kuulizwa.

Si jambo geni kwetu

Wakongomani wengi wamekwisha kuweka vidole kwenye mashine kama hizi. Mwaka 2005, katika kuandikisha wapiga kura, watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa kwa kompyuta, kamera na mashine za vidole, hata mahali pasipo umeme. Mwaka 2013, HCR ilijaribu mtambo wake mpya wa vidole na macho katika kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako wakimbizi wengi ni ndugu zetu Wakongomani.

Nchini Uganda, mwaka 2018, wakimbizi wote walihakikiwa upya. Hesabu ya awali ilikuwa kama milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Mashine zilisaidia kujua waliofika. Lakini hazikuweza kusema kwa nini mtu fulani hakufika: alirudi kwao, alihama, aliugua, au hakuwepo tangu mwanzo. Swali hilo linahitaji kuuliza watu.

Alama zinakwenda wapi?

Kadi ikipotea, unapewa nyingine. Kidole hakibadilishwi. Orodha ya watu ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, inaweza kuleta hatari. Kwa hiyo si utovu wa heshima kumuuliza karani: alama hizi ni za kazi gani? Nani ataziona? Zitakaa muda gani? Nikikataa, kuna njia nyingine ya kupata msaada? Mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilijiwekea sheria kwamba katika kugawa misaada, alama zibaki kwenye kadi anayoshika mwenyewe, zisiwekwe katika hifadhi moja kubwa. Hii inaonyesha kwamba njia ya kuhifadhi alama ni uamuzi wa watu, na uamuzi unaweza kujadiliwa.

Kazi ya viongozi

Wazee, akina mama wa kamati na viongozi wa vijana, fanyeni mkutano mfupi kabla ya siku yenyewe. Mwombeni karani aonyeshe mashine mbele ya watu na kuanza na kidole chake mwenyewe. Ombeni maji na sabuni karibu na mstari, na kivuli juu ya meza. Kubalianeni mapema kwamba aliyeshindwa kusomwa atajaribu tena siku hiyo hiyo, na kwamba jina lake litaandikwa kwenye daftari pamoja na sababu. Akiondoka, awe na karatasi mkononi inayoonyesha kwamba alifika. Wekeni meza ya malalamiko yenye mtu anayesema lugha za wote.

Na taa nyekundu ikiwaka, kiongozi asimame karibu na aseme kwa sauti ya kusikika: "Mama, mashine haijasoma kidole chako. Hujakosa kitu. Nenda unawe mikono, kisha turudie." Wanaomsikia kwenye mstari hawatakuwa na sababu ya kuanza maneno mengine.