Makopo 40 ya Mnanaa Yalinifundisha Kuheshimu Udongo

Leo naongea na nyie mnaouza mimea ya kwenye makopo mtandaoni: maua ya ndani, mnanaa, mrehani, pilipili, aloe vera, chochote kinachokaa kwenye chungu au kopo. Nitawasimulia hasara yangu kwanza, halafu nitawapa mchanganyiko ninaoutumia sasa pamoja na gharama zake. Mwenye daftari achukue.

Mimi niko Dar es Salaam. Kitalu changu ni uani tu hapa nyumbani, wateja wangu wako WhatsApp na Instagram. Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilipata oda ambayo sijawahi kuipata. Mama mmoja alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake, akataka kila mgeni aondoke na kopo dogo la mnanaa kama zawadi. Makopo 40, shilingi 6,000 kila moja. Laki mbili na elfu arobaini kwa mteja mmoja! Nikachapisha na stika zenye jina la biashara na namba yangu ya simu, nikabandika kila kopo. Nikajiona nimetoka.

Tatizo, mbolea ya mboji ilikuwa imeniishia na siku zilikuwa zimebaki chache. Jirani anafuga kuku, akaniambia, "Dada, chukua hii hapa bure, ni mbolea ya asili." Nikachukua, ikiwa bado mbichi na harufu yake kali. Nikachanganya na udongo wa uani, nikapanda, nikapeleka. Siku ya sherehe mnanaa ulikuwa umependeza kweli.

Wiki iliyofuata simu zikaanza. Majani yamekauka pembeni kama yamepigwa na moto, mashina yamelegea, kopo linanuka. Makopo 23 yalikufa. Na kila moja lilikuwa na namba yangu.

Yule mama hakunitukana. Alinipigia akasema, "Mwanangu, hela sidai. Ila nimeona aibu kwa wageni wangu." Aisee, bora angenitukana.

Nililipia makopo 23 mapya, 138,000. Boda za kuyapeleka, wastani wa 3,000 kila moja, 69,000. Jumla 207,000. Yote hiyo kwa sababu sikutaka kununua mbolea iliyoiva.

"Ya asili" haina maana iko tayari

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mteja anauliza, "Hii ni ya asili?" Unajibu ndiyo, biashara imeisha. Lakini samadi mbichi ya kuku ni ya asili na inaua mmea. Ina naitrojeni nyingi inayotoa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua. Shambani inaweza kutawanyika kwenye udongo mwingi. Kwenye kopo la lita 2 haina pa kwenda, inaunguza mizizi.

Halafu kuna afya ya mteja. Mnanaa unaingia kwenye chai, giligilani inaliwa mbichi kwenye kachumbari. Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Ukiuza mboga na viungo, samadi mbichi usiiguse kabisa.

Samadi ya kuku mimi sasa naichanganya na maranda au majani makavu, nalowanisha iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, nafunika na turubai, nageuza kila wiki. Lundo likiwa kubwa vya kutosha, katikati linapata joto la nyuzi 55 na kuendelea, na joto hilo linaua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Miezi miwili hadi mitatu inakuwa imeiva.

Utajuaje imeiva? Angalia haya:

1. Ukiingiza mkono katikati ya lundo, hakuna joto tena.
2. Rangi ni nyeusi au kahawia iliyokolea, inamomonyoka, na huwezi kutambua ilikuwa nini mwanzo.
3. Inanuka kama ardhi baada ya mvua. Weka konzi moja yenye unyevu kwenye mfuko wa nailoni, funga siku 3. Ukifungua ikanuka uchachu au amonia, bado.
4. Panda mbegu za mchicha kwenye kopo lenye mchanganyiko wako, na nyingine kwenye udongo wa kawaida. Za mchanganyiko zisipoota, au zikiota na kunyauka, usiuzie mtu huo mchanganyiko.

Hicho kipimo cha mchicha ni mbegu chache na wiki moja tu. Kingeniokolea laki mbili.

Kwa nini udongo wa uani peke yake haufai

Ardhini maji yana pa kushukia, na minyoo na mizizi mingine inalegeza udongo. Kwenye kopo hakuna msaada huo. Ukimwagilia kila siku udongo unashikana, hewa inakosekana, mizizi inaoza. Mteja anaona majani yanageuka njano, anadhani mmea una kiu, anaongeza maji. Anamalizia kuua.

Na ile ya kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yashuke? Haisaidii kama tulivyoambiwa. Maji hayateremki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanabaki juu yake, na wewe umepunguza nafasi ya mizizi. Dawa ni matundu ya kutosha chini na udongo uliolegea kuanzia juu hadi chini.

Mchanganyiko wangu wa ndoo kumi

Huu ni wa mboga, viungo na maua mengi ya kawaida:

- Ndoo 4 udongo wa juu, uliochekechwa
- Ndoo 3 mboji au samadi iliyoiva
- Ndoo 2 unga wa makumbi ya nazi
- Ndoo 1 mchanga wa mtoni

Udongo usichukue kwenye bustani iliyokuwa na nyanya au mimea iliyougua, utahamisha minyoo ya mizizi na magonjwa kwenye makopo yako. Ukiwa na wasiwasi nao, ulowanishe, utandaze, ufunike na nailoni angavu juani wiki 4 hadi 6.

Mchanga uwe wa mtoni. Sisi wa pwani tuna kishawishi cha kwenda kuchota ufukweni, ule una chumvi. Makumbi nayo uliza yametoka wapi. Wanaosokota kamba huyafukia makumbi pwani yalainike kwa maji ya bahari, kwa hiyo yanaweza kuja na chumvi ndani. Mimi nayaloweka kwenye pipa usiku mzima, namwaga maji, narudia mara tatu, hata kama muuzaji ananiapia ni masafi.

Ukikosa makumbi, pumba za mpunga zile ngumu za mashineni zinafaa. Zichome nusu, ziwe nyeusi bila kufika kuwa majivu. Maranda mabichi usiweke moja kwa moja kwenye kopo. Yakianza kuoza yanakula naitrojeni ya mmea wako, na majani yanakuwa njano.

Kwa aloe vera, kaktasi na jamaa zao, geuza hesabu: mchanga mkubwa ndoo 4, udongo 3, pumba zilizochomwa 2, mboji 1 tu. Hata zamia, ile mmea wa ndani wenye majani ya kung'aa, inapenda udongo unaokauka haraka. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, na imezoea ukame kwa sababu inatunza maji kwenye viazi vyake vya chini. Ukiipa udongo wa mnanaa unaiozesha.

Ukimaliza kuchanganya, shika konzi moja yenye unyevu, kamua. Inatakiwa ishikane, halafu ukiigusa kwa kidole imeguke. Ikibaki donge, una mfinyanzi mwingi, ongeza makumbi na mchanga. Isiposhikana kabisa, ongeza mboji.

Twende kwenye hesabu

Hizi ni bei ninazopata mimi, za kwako zitatofautiana:

- Udongo: 6,000
- Samadi iliyoiva: 9,000
- Makumbi: 8,000
- Mchanga: 2,000
- Kijana wa kuchekecha na kuchanganya: 5,000

Jumla 30,000. Ndoo kumi za lita 20 zinanijazia makopo 90 ya lita 2, maana ukichanganya ujazo unapungua kidogo. Kopo moja ni shilingi 330 na ushee.

Ule udongo wangu wa ovyo ulikuwa kama 150 kwa kopo. Kwa hiyo kwenye makopo 40 niliokoa shilingi 7,200. Nikalipa 207,000. Siku nyingine ukitaka kubana matumizi, bana kwenye stika.

Faida nyingine ni uzito. Makumbi na pumba ni nyepesi kuliko mchanga na udongo. Kama unatuma mikoani kwa basi au unapeleka makopo kumi kwa boda moja, utaiona tofauti kwenye nauli. Mwagilia siku moja kabla ya safari, sio asubuhi ya safari, ili kopo lisiwe zito na udongo usimwagike.

Mbolea za kuongezea

Kila mara maji yanapotoka chini ya kopo yanaondoka na chakula. Kwa hiyo mchanganyiko mzuri nao unaisha nguvu. Mwambie mteja aongeze konzi ndogo ya mboji juu ya udongo kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mbolea ya minyoo ni nzuri sana kwa kazi hii, haiunguzi kirahisi na hainuki ndani ya nyumba.

Unga wa mifupa unatoa fosforasi polepole, uchanganye mwanzo wakati wa kupanda. Majivu yana potasiamu lakini yanapunguza tindikali ya udongo haraka, kijiko kimoja kwa kopo kinatosha, na usiyachanganye na samadi mbichi kwa sababu yanafukuza naitrojeni hewani. Maganda ya mayai yasage kabisa, na usitegemee matokeo ya mwezi huu. Maganda ya ndizi na majani ya chai peleka kwenye lundo la mboji kwanza. Ukiyatupia kwenye kopo sebuleni, mteja atakupigia kulalamikia vijinzi.

Namna ya kuuza hiki ulichokijua

Siku hizi kila kopo langu linatoka na karatasi ndogo yenye mistari minne: udongo una nini ndani, umwagilie lini, uweke juani au kivulini, uongeze mboji lini. Swali la kumwagilia najibu hivi: ingiza kidole hadi fundo la pili, kukiwa kukavu weka maji. Malalamiko yamepungua sana.

Usiandike "ya asili asilimia mia" kama umetia hata punje moja ya mbolea ya dukani. Sema ukweli, wateja wengi hawana shida nao. Na kama unafikiria kufungasha mbolea na kuiuza peke yake, pita kwanza Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, uulize usajili na leseni. Biashara ya mbolea hapa Tanzania ina sheria yake tangu 2009. Mmea ndani ya kopo ni kitu kimoja, mfuko wa mbolea wenye nembo yako ni kitu kingine.

Yule mama? Nilimpelekea mnanaa wake mpya kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma boda. Nilimweleza nilichokosea bila kuzunguka. Alinisikiliza, akaniuliza, "Sasa huu umeupima?" Nikamwonyesha picha ya mchicha ulioota. Mwezi uliofuata alinunua makopo sita, na hadi leo kila akinunua anauliza swali lile lile.

Na wewe kabla hujapokea oda kubwa, jiulize hivyo hivyo: huu umeupima?