Kumuuguza Kijana Aliyevunjika Mgongo

Vijijini mwetu vijana hukwea minazi na miembe. Wengine hupanda juu ya paa kuezeka nyumba. Wengine huendesha pikipiki za abiria. Kazi hizi huleta fedha, lakini zina hatari. Hapa Tanzania, watu wengi wanaovunjika mgongo huumia katika ajali za barabarani au kwa kuanguka kutoka juu. Wengi wao ni vijana wanaume.

Kijana wa namna hii akirudi kutoka hospitali, familia huuliza: "Tutafanya nini sasa?" Somo hili linajibu swali hilo.

MGONGO UNA NINI NDANI YAKE?

Pitisha kidole katikati ya mgongo wako, toka shingoni kwenda chini. Utagusa vinundu vigumu. Hiyo ni mifupa ya uti wa mgongo. Mifupa hiyo ina tundu katikati. Ndani ya tundu hilo umepita ugwe mgongo. Ugwe huu ni laini, na unene wake ni kama wa kidole cha mwisho.

Kazi ya ugwe mgongo ni kupeleka habari. Ukitaka kutembea, amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika ugwe, na kufika miguuni. Ukikanyaga mwiba, habari ya maumivu hupanda kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye ubongo.

Mfupa ukivunjika unaweza kuunga. Lakini ugwe ukikatika hauungi. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kuuunga, wala hospitalini wala kwa mganga wa kienyeji. Kama ugwe umeumia bila kukatika kabisa, nguvu kiasi zinaweza kurudi, hasa katika miezi ya mwanzo.

Mtu akiumia mgongoni, miguu hupooza. Akiumia shingoni, mikono pia hupooza. Sehemu iliyopooza mara nyingi haisikii maumivu, joto wala baridi. Tena mtu huyo huweza kushindwa kuzuia mkojo na choo.

Kwa hiyo mtu akianguka, msimwinue kwa pupa. Msimkalishe. Msimbebe mgongoni. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Wengine watatu au wanne wamwinue kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka kama gogo. Mlazeni juu ya ubao au mlango, kisha mpelekeni hospitali.

NI NINI KINACHOUA?

Zamani watu wengi waliovunjika mgongo walikufa mapema. Watu walidhani wameuawa na mgongo wenyewe.

Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza wodi ya askari waliovunjika mgongo. Wodi hiyo ilikuwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, huko Uingereza. Aliona kwamba wagonjwa wengi waliuawa na mambo mawili: vidonda vya kulalia, na maradhi ya njia ya mkojo. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Aliagiza pia usafi wa njia ya mkojo, mazoezi na kazi za mikono. Wagonjwa wakaishi. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale, wakiwa wamekaa katika viti vya magurudumu. Mashindano hayo ndiyo chanzo cha michezo ya Paralimpiki ya leo.

Tunajifunza nini hapa? Kumgeuza mgonjwa hakukuhitaji mashine. Kulihitaji mikono ya watu na kufuata saa. Mikono hiyo ipo hata kijijini.

KUZUIA VIDONDA VYA KULALIA

Mtu mzima akilala usiku hujigeuza bila kujua. Mtu aliyepooza hajigeuzi. Mifupa hugandamiza ngozi kwenye kitanda. Damu haipiti, na nyama hufa. Kidonda kinaweza kuanza kwa saa chache tu, lakini kupona huchukua miezi. Tena mgonjwa hasikii maumivu, kwa hiyo hatalia.

Fanyeni hivi:

1. Mgeuzeni kila baada ya saa 2. Alale ubavu wa kulia, kisha chali, kisha ubavu wa kushoto. Msimburute, mwinueni.
2. Wekeni mto kati ya magoti. Wekeni mto mwingine chini ya miguu, ili visigino visiguse kitanda.
3. Shuka iwe kavu na isiwe na mikunjo. Akilowa, msafisheni mara moja.
4. Kila asubuhi na jioni tazameni ngozi: makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega na viwiko. Mkiona sehemu imekuwa nyekundu, nyeusi kuliko ngozi nyingine, ya moto au ngumu, asiilalie tena mpaka ipone. Msiisugue.
5. Asiwekwe karibu na moto. Asiwekewe chungu au kikombe cha moto mapajani. Ataungua bila kujua.

MKOJO NA CHOO

Mkojo ukikaa mwilini muda mrefu huleta maradhi, na mwisho huharibu figo. Hospitali huweza kumpa mpira wa mkojo unaokaa ndani. Au humfundisha kuingiza mpira mwenyewe kila baada ya saa 4 hadi 6, kisha kuutoa. Njia yoyote itumikayo, sharti la kwanza ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu, usiinuliwe juu. Mgonjwa anywe maji ya kutosha kila siku, kama alivyoelezwa hospitali. Akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukiwa mchafu na kunuka sana, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Kwa choo, chagueni saa moja na muifuate kila siku, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi. Mwili huzoea. Ale mchicha, mapapai, maharage na ugali wa dona, ili choo kisiwe kigumu.

Kuna hatari moja kwa yule aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo. Huweza kupatwa ghafula na maumivu makali ya kichwa, huku uso ukitoka jasho. Mara nyingi sababu ni kibofu kilichojaa au mpira ulioziba. Mkalisheni wima upesi. Legezeni nguo. Nyosheni mpira uliojikunja. Asipopata nafuu mara moja, mkimbizeni hospitali, kwani hali hiyo inaweza kuua.

VIUNGO VISIKAKAMAE

Kiungo kisichotumika hukakamaa. Mara mbili kwa siku kunjeni na kunyosha kila kiungo kilichopooza, polepole, bila nguvu nyingi. Nyayo ziegemezwe wima, zisilale kama za mtu anayechungulia kwa ncha za vidole. Goti lililokakamaa halitakaa vizuri katika kiti.

MZIGO USIMWELEMEE MTU MMOJA

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kwa mbali huuona mwepesi. Hebu tuifikirie familia moja ya mkwezi wa minazi.

Kijana amerudi kutoka hospitali. Mama yake ndiye anayemgeuza usiku. Ndiye anayefua, anayepika na anayechota maji. Mwezi wa kwanza anaweza. Mwezi wa pili amechoka. Usiku mmoja anapitiwa na usingizi mpaka alfajiri, na makalioni kwa mwanawe kidonda kimeanza. Baba anataka kumwachisha shule binti ili amsaidie mama. Tena anataka kuuza nusu ya shamba, kwani ameambiwa yuko mganga anayeweza kuwatembeza waliopooza.

Mjomba anaita kikao. Anamwambia baba: "Shemeji, ukiuza shamba leo, mwaka kesho tutakula nini? Na huyu binti akiacha shule, tutakuwa tumeumiza watoto wawili badala ya mmoja."

Baba anajibu: "Mimi nataka mwanangu atembee."

Mama anasema: "Na mimi nataka hivyo. Lakini kwanza nataka awe hai."

Basi wanagawana kazi. Baba anageuza saa 4 na saa 6 usiku. Mama anageuza saa 8 na saa 10. Saa 12 asubuhi kaka mdogo anageuza na kutazama ngozi. Binti anakwenda shule. Jioni humsomea kaka yake gazeti. Mjomba huja siku za Jumamosi kufanya mazoezi ya viungo, mama apate kupumzika. Vijana wakwezi wenzake wanachota maji kwa zamu. Zamu zote zimeandikwa kwenye karatasi, na karatasi imebandikwa ukutani. Kila anayegeuza hutia alama. Hapo mnaona faida ya kujua kusoma na kuandika.

Shamba halikuuzwa. Kidonda kilikuwa bado kidogo, kikapona kwa sababu hakikulaliwa tena.

KAZI ZIRUDI MIKONONI MWAKE

Kumhurumia kijana ni vizuri. Lakini huruma ikizidi humfunga. Kijana ambaye kila kitu anafanyiwa hujiona mzigo. Wengine hukataa kula. Wengine hutamani kufa. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Kaeni naye, zungumzeni naye, na mwelezeni mhudumu wa afya.

Dawa kubwa ni kumrudishia kazi, moja baada ya nyingine. Kwanza anawe uso na kula mwenyewe. Kisha ashike kioo kidogo atazame ngozi yake mwenyewe. Kisha ajigeuze kwa kuvuta kamba iliyofungwa kitandani. Kisha ajihudumie mkojo. Kisha ahame kutoka kitandani kwenda kitini kwa kuteleza juu ya ubao laini. Mwenye mikono mizima anaweza kufika huko. Aliyepooza mikono hawezi yote, lakini anaweza kujifunza kuwaelekeza wengine namna ya kumhudumia. Hiyo nayo ni kazi yake.

Kiti cha magurudumu kipimwe kwa mwili wake, na kiwe na mto mzuri wa kukalia. Kiti kisichomfaa huleta vidonda. Huko Moshi, chuo cha TATCOT katika hospitali ya KCMC kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea tangu mwaka 1981. Anapokaa kitini, ajiinue kwa mikono kila baada ya robo saa, ili damu ipite makalioni.

Nyumbani, sawazisheni mlango kwa udongo ulioshindiliwa, kiti kipite. Njia ya kwenda chooni ipanuliwe. Chooni pawekwe kiti chenye tundu.

Kisha kijana apate shughuli. Anaweza kushona nguo kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Anaweza kutengeneza viatu au redio, kuuza duka, kufuga kuku, au kutunza hesabu za ushirika. Anaweza kuoa. Habari za kupata watoto aulize hospitali, asiamini maneno ya barazani.

Sheria nayo iko upande wake. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza ubaguzi, na inatambua haki ya matibabu, elimu na kazi. Viongozi wa kijiji wanapaswa kuijua. Mpelekeni mikutanoni, aseme mwenyewe.

KUPONA NI NINI?

Watu watauliza: "Je, amepona?" Wakiona hatembei, watasema bado. Lakini mtazameni vizuri. Ngozi yake haina kidonda. Mkojo wake ni safi. Anajihamisha kutoka kitandani. Anapata fedha kidogo na kumnunulia mdogo wake daftari. Mama yake analala usiku. Safari hiyo inaweza kuchukua mwaka, au miaka miwili na zaidi. Ilianza na zamu za usiku, mtu kwa mtu. Sasa zamu nyingi anazishika yeye mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mtu aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa 2?
2. Taja sehemu 5 za mwili zinazotakiwa kutazamwa kila siku.
3. Utafanya nini ukimkuta mtu ameanguka kutoka juu ya mti?
4. Je, mjomba alifanya vizuri kukataa shamba lisiuzwe? Toeni sababu.
5. Andikeni karatasi ya zamu ya kumgeuza mgonjwa kwa siku moja, kwa familia ya watu 5.
6. Katika kijiji chetu, yuko nani aliyepooza? Tunaweza kumsaidia afanye kazi gani yeye mwenyewe?