Mjue konokono kabla ya kununua dawa

MKULIMA wa mboga anaweza kulala akiwa na kitalu kizuri cha saladi au kabichi, akaamka na kukuta miche imekatwa na majani yamejaa matundu. Akipekua mchana haoni mdudu. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya viwavi, lakini usiku unaofuata hasara inaendelea.

Mara nyingi mharibifu huyo si mdudu. Ni konokono, hasa wale wasio na gamba ambao pia huitwa koa. Dawa nyingi za viwavi haziwaui, hivyo mkulima hupoteza fedha mara mbili: kwenye dawa na kwenye mboga. Sokoni nako mnunuzi hukwepa jani lenye matundu, na mchuuzi hulazimika kushusha bei.

Jinsi ya kuwatambua

Konokono hupenda giza na unyevu. Ndiyo maana husumbua zaidi wakati wa mvua na katika maeneo ya milimani kama Lushoto, mkoani Tanga. Mchana hujificha chini ya mawe, mbao, magugu na matandazo. Usiku hutoka kula.

Dalili kubwa ni ute uliokauka, unaong'aa asubuhi juu ya majani au udongo. Kiwavi haachi ute wa namna hiyo, bali vinyesi vidogo vidogo. Ili kupata uhakika, ingia bustanini na tochi saa mbili baada ya giza kuingia.

Namna ya kupambana nao

Kwanza, ondoa magugu na takataka zilizo karibu na kitalu. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku.

Pili, tega. Jioni laza ubao au gunia lililoloweshwa kati ya matuta. Asubuhi ligeuze, waokote waliojificha na uwatumbukize kwenye maji ya sabuni. Usiwashike kwa mikono mitupu, kwani baadhi yao hubeba minyoo yenye madhara kwa binadamu. Kwa sababu hiyo hiyo, saladi ioshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Bata nao hula konokono, ila waingizwe kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, wasije wakakanyaga miche.

Majivu husaidia yakiwa makavu tu. Mvua ikinyesha kazi imekwisha. Chumvi usiitumie, kwani huunguza mimea na kuharibu udongo. Maganda ya mayai nayo yasikupe matumaini makubwa: majaribio ya saladi yaliyotangazwa Uingereza mwaka 2018 yalionyesha hayakupunguza uharibifu.

Tahadhari ya sumu

Ipo sumu ya chembechembe iitwayo metaldehaidi. Huua konokono, lakini mbwa na kuku wakiila nao wanaweza kufa. Uingereza iliipiga marufuku bustanini na mashambani mwaka 2022. Chembechembe za fosfeti ya chuma zina hatari ndogo zaidi. Kabla ya kununua, muulize bwana shamba na uhakikishe dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Nguvu kubwa ielekezwe kwenye wiki za mwanzo, miche ikiwa michanga. Kabichi iliyokomaa huvumilia matundu machache. Mche uliokatwa shina haurudi.