Mlima wa Mungu na Malisho ya Nyumbu

Nyumbu wanaovuka Mto Mara, jirani na Nyanungu wilayani Tarime, kati ya Julai na Oktoba, wengi wao huwa wamezaliwa mbali, katika mbuga za majani mafupi kusini-mashariki mwa Serengeti. Udongo wa mbuga hizo ni majivu ya volkeno yaliyopeperushwa na upepo kutoka milima ya Kerimasi na Oldoinyo Lengai. Majivu hayo yana kalisiamu nyingi, ambayo majike wanaonyonyesha huihitaji. Tena yameganda chini ya ardhi yakawa tabaka gumu lisilopenywa na mizizi ya miti. Ndiyo maana huko pana malisho, wala si msitu.

Kerimasi umekwisha kuzimika, bali Oldoinyo Lengai ungali hai. Umesimama katika Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron, ukiwa na kimo cha mita 2,960 hivi. Jina lake kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, na Wamaasai huuendea kumwomba Engai mvua na watoto.

Mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson alitangaza jambo la ajabu: lava ya mlima huu haikufanywa kwa silika kama lava nyinginezo, bali kwa kaboneti za sodiamu na kalisiamu, yaani jamii ya magadi. Hakuna volkeno nyingine hai ijulikanayo kutoa lava ya namna hiyo. Moja ya madini yake liliitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Lava ya kawaida huweza kufikia nyuzi 1,100 za Sentigredi na zaidi. Hii huwa kati ya 500 na 600 tu, nayo hutiririka kama maji. Mchana haing'ai, bali huonekana kama tope jeusi. Ikisha kupoa hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe.

Hapo ndipo ilipo hatari kwa mpandaji. Safari huanza usiku wa manane ili kukwepa jua kali la bondeni, na mteremko ni mkali mno. Kabla ya mwaka 2007 kasoko ilikuwa imejaa lava iliyoganda, na wageni walitembea juu yake. Mlipuko wa 2007 hadi 2008 ukaifanya shimo lenye kina kirefu. Kwa hiyo mpandaji hana budi kufuatana na kiongozi mwenyeji, na kukaa mbali na ukingo. Mwenyeji aonyaye kwamba kileleni si mahali pa mchezo, na mtaalamu wa volkeno, katika hili wanasema neno moja.

Walimu waweza kuonyesha kemia ya mlima huu darasani. Tia magadi kidogo katika bilauri, kisha dondoshea maji ya ndimu: povu litakalofoka ni hewa ya kaboni dayoksaidi, dalili ya kaboneti. Jaribu vivyo hivyo kwa kokoto ya itale, nayo haitatoa povu.