Sufuria Yenye Masizi Nayo Yafaa Kuchorwa

Ingia katika nyumba nyingi za Kaloleni, Mbotela au Jericho wakati wa jioni, nawe utakuta picha imekwisha kupangwa. Jiko la makaa li karibu na mlango, sufuria yenye masizi iko juu yake, birika iko kando, na karai limeegemezwa ukutani. Mwanga waingia kutoka upande mmoja tu. Mchoraji angetaka nini zaidi?

Hata hivyo, vijana wengi wanaojifunza kuchora katika mitaa hii ya Eastlands hawavioni vyombo hivi. Mwombe mmoja wao picha ya vitu vilivyotulia, yaani picha isiyo na mtu wala mnyama bali vyombo, matunda au maua, naye atakuchorea chupa ya mvinyo, bakuli la matofaa na kitambaa chenye mikunjo. Mvinyo wenyewe hajapata kuuonja, na meza ya namna ile haiko kwao.

Kosa si lake. Nami nilifundishwa vivyo hivyo. Mwalimu alibandika ubaoni picha iliyokatwa kitabuni, nasi sote tukainakili. Tulijifunza kutia kivuli, na hilo ni jambo la maana. Lakini michoro yetu ilifanana kama sare za shule; ukifuta majina, hungejua upi ni wa nani.

WAKUBWA WALICHORA VYAO

Wale tuliokuwa tukiwaiga hawakufanya hivyo. Chardin wa Ufaransa, katika karne ya 18, alichora sufuria za shaba na vitunguu vya jikoni. Mwaka 1886, Vincent van Gogh alichora jozi ya viatu vilivyochakaa, na mpaka leo watu husimama mbele ya picha ile wakiwaza habari za aliyevivaa. Morandi wa Italia, aliyefariki mwaka 1964, alichora chupa na mitungi ile ile kwa miaka mingi mjini Bologna. Basi anayenakili chupa ya Mzungu amechukua meza yake na kuliacha funzo lake.

Tena si lazima twende ng'ambo. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984 na kukulia Korogocho, amejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kwa waya, vyuma na takataka nyingine. Ameunda pia sanamu kutokana na baiskeli nzito ziitwazo Black Mamba, zilizobeba abiria na mizigo kabla ya pikipiki za bodaboda kuzipokonya kazi. Hizo si picha za karatasini, lakini kanuni ni moja: alianza na kitu alichokijua.

Buruburu nayo haikulala. Mwaka 2013, Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku walianzisha huko karakana ya Brush Tu, ambako wachoraji wamefanya kazi bega kwa bega.

KUTIA NAFSI

Je, mtu atiaje nafsi yake katika picha ya sufuria? Kwanza, achague chombo anachoweza kukieleza akiwa amefumba macho. Pili, asikisafishe. Masizi, mbonyeo, na kifuniko kilichotoka kwenye sufuria nyingine ndivyo vinavyoitofautisha sufuria ya kwao na ile ya dukani.

Tatu, atazame rangi kwa subira. Sufuria si ya kijivu tu. Ikiwekwa karibu na leso nyekundu, wekundu huo hupanda tumboni mwake. Ikielekea mlangoni, hupata weupe wa mbinguni. Anayeona kijivu pekee anachora anachokijua, wala si anachokiona.

Nne, aamue nini kikuzwe na nini kiachwe. Vikombe viwili vya chai penye misumari mitatu ya kuangikia vyaweza kueleza habari za mtu aliyeondoka, bila kumchora mtu yeyote. Wala asidai kwamba rangi ni ghali: kipande cha makaa kutoka jikoni na karatasi ya kufungia vitu vyatosha kuanzia.

Jambo hili lina haraka yake. Mitaa kadhaa ya kale ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa, na gesi yaendelea kuliondoa jiko la makaa. Hakuna anayelilia moshi. Lakini vyombo hivi vikiisha kutupwa bila kuchorwa na waliovitumia, wajukuu wetu wataijua meza ya Paris kuliko jiko la nyanya zao.

Kijana, leo jioni mama akiisha kuepua, usiharakishe kuiosha sufuria. Iweke mlangoni, ukae chini, uitazame.