Mama mja mzito, usifiche yaliyo moyoni

Je, mimba yako imetimiza miezi saba na sasa waona moyo umebadilika? Asubuhi wacheka, adhuhuri walia kwa sababu chumvi imezidi kwenye mchuzi. Usiku usingizi hauji, na ukipata lepe waota ndoto za kutisha. Usidhani umerogwa, wala usidhani wewe ni mama mbaya.

Kuanzia juma la 28 hadi kujifungua, mwili hubeba mzigo mkubwa. Homoni zimepanda, mgongo wauma na haja ndogo haikupi nafasi. Juu ya hayo kuna hofu. Mke wa Diani ambaye mumewe hufanya zamu ya usiku hotelini hujiuliza atamgongea nani mlango uchungu ukimshika. Yule anayeishi vijiji vya ndani vya Kwale huwaza barabara na nauli ya kufika hospitali ya Msambweni. Aliyewahi kupoteza mtoto huogopa hata kununua nguo za huyu anayekuja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huona haya kulitamka. Mtoto anacheza tumboni, majirani wanapongeza, lakini mama mwenyewe hahisi mapenzi yoyote. Bibi, hilo si dhambi. Mapenzi ya mama na mwana hujengwa kidogo kidogo, na kwa wengine huja baada ya kuzaa.

Hata hivyo, waweza kuanza sasa, kwani katika miezi hii mtoto husikia. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwachunguza watoto ambao hawajamaliza siku tatu duniani. Watoto hao walibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya mpira ili wasikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Basi zungumza naye ukikuna nazi, mwimbie ukifua. Akicheza, weka mkono hapo. Nawe baba, usione aibu. Sogea umsalimie mwanao. Mkizoea kucheza kwake, mtatambua pia akipunguza. Hapo msingoje kesho, nendeni hospitali mara moja.

Hofu nayo hupungua ikifanyiwa mpango. Kubalianeni mapema ni gari au bodaboda ya nani itakayowachukua usiku, wekeni nauli kando, na mchague atakayebaki na watoto wengine. Huku Pwani wengi, hasa wenye mimba ya kwanza, hurudi kwa mama zao kujifungua. Faida yake si kupikiwa uji tu, bali kuwa na mtu wa kukusikiliza. Ikiwa umepanga chumba Ukunda na wazazi wako mbali, mtafute shoga au jirani mmoja unayemwamini, umweleze yote.

Lakini machozi ya siku moja si sawa na huzuni isiyoondoka. Ikipita majuma mawili huna raha, chakula hakipiti, usingizi hauji hata ukichoka, na hutaki kuonana na mtu, huo huenda ukawa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema waja wazito wapatao 10 kati ya kila 100 duniani hupatwa na maradhi ya akili, hasa huzuni kuu, na katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hukaribia 16. Ugonjwa huo hutibika. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, hata kama hakukuuliza. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usikae peke yako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mtu wako.

Nanyi waume, mkeo akisema anaogopa, usimjibu kwamba wanawake wote huzaa. Keti umsikilize. Wahenga walinena: mficha uchi hazai.